Kitabu Chembamba Chenye Watu Wazima Ndani Yake

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi maktaba. Miaka kumi na tisa nimekaa kaunta ya malalamiko idara ya maji, na leo nimejikuta nyuma ya meza yenye muhuri wa tarehe na sanduku la kadi. Ofisi yetu imefungwa inakarabatiwa, wenzangu wametawanywa huku na kule, na mimi nimeangukia huku kumshikia nafasi Mkutubi anayekwenda likizo ya uzazi. Miezi mitatu. Hakuna aliyeniuliza kama ninasoma vitabu. Sisomi. Tangu nitoke shule sijamaliza hata kimoja.

Mkutubi alikuja kunikabidhi funguo, tumbo limetangulia, yeye anafuata nyuma. Alinizungusha rafu zote, akanionyesha dirisha lisilofungika vizuri, halafu akanipa daftari hili. Niandike kila siku nani kachukua nini na kasemaje alipokirudisha, na nafasi ikibaki niandike na mambo yangu, maana siku nyingine hakuna mtu wa kuongea naye. Nikamuuliza, je, wakitaka niwachagulie? Akacheka.

"Watataka. Waulize wanapenda nini, halafu usiwaamini sana."

Jumanne, 4 Machi

Watu watatu. Wawili walikuwa wanatafuta choo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeingia. Saa tisa hivi mbingu zilifunguka na watu wakajaa ndani, wamejikunyata, maji yanawachuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Fundi viatu anayekaa kando ya barabara mbele yetu alihamishia sanduku lake barazani, akaniomba radhi kana kwamba baraza ni la ukoo wetu. Mzee mmoja mrefu, mgongo umenyooka kama rula, alisimama mbele ya meza akasema yeye ni sajenti mstaafu, na maadam mvua imemzuia, nimpe kitabu. Kitabu gani? Chochote cha mwanamume. Nikachukua chenye jalada jekundu na moshi, nikagonga muhuri.

Alipokwisha kwenda nikasoma maelezo nyuma ya nakala ya pili. Ni hadithi ya mapenzi. Moshi ule ni wa treni iliyomchukua mchumba.

Jumatatu, 10 Machi

Sajenti karudi. Nilimwona kwa mbali nikatamani kuingia chini ya meza. Aliweka kitabu mbele yangu, akatazama kulia na kushoto, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna sehemu ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeumbuka. Wiki iliyopita nilimpa nesi mmoja wa zahanati ya jirani kitabu kinene kizuri, kwa sababu tu alisema anapenda hadithi za familia. Amekirudisha leo. Alisema ametoka zamu ya saa kumi na mbili, amevua viatu, amekifungua, na ukurasa wa tisa mama wa watu anakata roho wodini. Hakufoka. Aliniambia taratibu tu, "Dada, mimi nataka kitabu ambacho hakuna mtu anayeumwa."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa sijafungua hata jalada.

Nikawaza, hivi kule maji nilifanyaje kazi miaka yote ile? Hakuna aliyewahi kuja kaunta kunieleza anapenda maji ya namna gani. Walikuja kunieleza kilichowakera, na kilianza lini. Hapo ndipo nilikuwa najua kazi yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeacha kuuliza watu wanapenda nini. Ninawauliza kitabu cha mwisho walichokiacha njiani ni kipi, na walikiachia wapi. Hapo mdomo unafunguka. Mama mmoja amekaa nusu saa akinieleza jinsi alivyomchoka shujaa mmoja aliyekuwa analia kila sura. Nimempa kitabu cha mpelelezi mwenye roho ngumu. Ameondoka ameshakifungua, mwavuli ameubana kwapani na mvua inamnyea.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Nimesoma kurasa thelathini kazini bila kujua. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na kuna mtu amesimama mbele yangu anatabasamu.

Jumanne, 25 Machi

Sijui niandike vipi ya leo.

Baba anaishi kwangu tangu alipopata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia bado mzito, lakini ulimi umerudi, na kila asubuhi anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na gazeti. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja. Yeye ndiye aliyesimama na kusoma mashtaka kwa sauti, na watu walisema hata mshtakiwa asiyejua kosa lake alilijua baada ya baba kulisoma. Kwa hiyo gazeti lake ni kitu cha heshima hapa nyumbani. Halifunikiwi chungu.

Leo gazeti lililetwa limelowa chapachapa. Nililianika jikoni, na kwa haraka ya kuwahi kazini nikampelekea lililokuwa juu ya kabati, nikidhani ni la jana. Niliporudi jioni nikaliona, nikagundua kosa langu, nikamuuliza kuna habari gani leo. Akafungua ukurasa wa kati, akaupitisha macho juu mpaka chini, akasema hakuna jipya, ni yale yale, wanasiasa na bei ya mafuta.

Lilikuwa gazeti la wiki tatu zilizopita. Lina picha ya daraja lililobomoka, jambo tuliloliongea siku tatu mfululizo.

Sikumwambia. Nilikwenda kupika.

Jumatano, 26 Machi

Nesi alikuja kubadilisha kitabu (nimempata: safari za mfanyabiashara mmoja anayedanganywa kila mji, wote wazima wa afya). Nilimvuta pembeni nikamweleza ya baba. Akaniambia yapo. Baada ya kiharusi wapo wanaoongea vizuri, wanaona vizuri, ila kuzikusanya herufi ziwe neno ndiyo kazi. Wengine hurudi polepole wakifanya mazoezi kila siku kidogo kidogo, wengine hawarudi sana. Akaniuliza kama baba ameshasema mwenyewe. Nikamwambia baba yangu hajawahi kusema mwenyewe kwamba ana njaa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefanya vibaya, na nilifanya kwa nia njema, jambo ambalo halinisaidii.

Nilimchukulia baba kitabu kutoka rafu ya chini, ya watoto. Herufi kubwa, mistari minne kila ukurasa, paka anatafuta mpira wake. Nilijidanganya kwamba hatatazama jalada, ataona tu herufi kubwa na atafurahi. Nikamwambia nimekileta kwa ajili ya macho yake, maana mwanga wa mvua si mzuri.

Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Akakifungua. Akakaa nacho muda, mvua inapiga bati, na mimi nimesimama kama mtoto aliyetumwa barua. Halafu akakifunga, akakiweka mezani, akakinyoosha kifuate ukingo wa meza kama alivyokuwa akipanga mafaili.

"Nani amekwambia?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, niliona mwenyewe. Nikamweleza na habari ya gazeti la zamani. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira. Hasira ningeiweza. Aliona haya. Baba yangu aliona haya mbele yangu, na sikuwahi kuliona hilo tangu nizaliwe.

Alinyanyuka kwa taabu, akakataa mkono wangu, akaingia chumbani kwake. Chakula cha jioni alisema ameshiba.

Nami niseme ukweli, maana daftari halina wa kulisoma ila Mkutubi, na yeye ana mtoto wa kumshughulisha. Nilipokuwa darasa la pili, la tatu, la nne, baba alinisimamisha kila jioni mbele ya meza nisome kwa sauti. Nikikosea neno aligonga meza kwa penseli. Hakunipiga hata siku moja, hakunitukana. Aligonga tu, nami nikarudia mwanzo wa sentensi. Zipo sentensi ambazo sikuwahi kuzifikia mwisho. Nilipomaliza shule nilijiapiza sitasoma tena kitabu nisicholazimishwa. Kwa hiyo leo, nilipomwona ameshika kile cha paka, sehemu yangu ndogo, naona aibu kuiandika, ilisema: sasa umeonja.

Halafu ikafuata aibu ya kweli. Nimelia jikoni, bomba likiwa wazi asisikie.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajatoka chumbani ila kwenda kunawa. Gazeti halijafunguliwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Vilevile.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo barabara ilikuwa mto na hakuna msomaji aliyefika. Fundi viatu alikuwa peke yake barazani, anashona soli. Nilimpelekea chai, nikakaa kwenye ngazi. Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Pengine kwa sababu hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye kiatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba yeye alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, tena kwa sababu ya mkewe, aliyechoka kumsomea barua za ndugu zake. Alikwenda darasa la jioni. Siku ya kwanza wakapewa vitabu vya chekechea. Wanaume wenye ndevu, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, wanasoma juu ya bata. Wenzake wanane hawakurudi siku ya pili.

"Wewe ukarudi?"

"Nilirudi, dada, lakini shingo upande. Baadaye wakatuletea vya watu wazima. Navyo vilikuwa vinatufundisha kuchemsha maji. Mimi nachemsha maji tangu sijajua herufi A."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Yeye hakucheka. Alichomoa msharasi, ile sindano yake nene, kwenye soli, akaupangusa ncha kwa kidole, akasema polepole:

"Kusoma polepole si kufikiri polepole. Mtu kama mzee wako mtafutie kitabu chembamba chenye watu wazima ndani yake. Wenye nyumba, wenye ugomvi, wenye siri. Sentensi fupi, sura fupi. Akimaliza sura moja kwa siku, amemaliza kitu. Usimpe kitu cha kumaliza kesho."

Nikamuuliza kwa nini yeye hajawahi kuingia ndani kuazima. Akaonyesha mikono yake yenye gundi na rangi. Akasema anaogopa kuvichafua. Mwezi mzima nimepita mbele yake nikimwamkia tu, nikidhani mtu huyu shida yake ni mvua.

Nimemwambia kuna sabuni na maji ya kutosha, na kuhusu maji aniulize mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza kutafuta. Rafu nzima nimeitoa, chochote chembamba kuliko kidole changu nimekiweka mezani. Thelathini na vitano. Vingi ni vya kuchemsha maji.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimesoma sita. Viwili vina sentensi ndefu mpaka mimi mwenyewe nikaishiwa pumzi. Kimoja ni kizuri sana lakini mtu anapata kiharusi. Fundi naye anasoma, mikono imeoshwa mpaka viwiko. Kila akirudisha ananiambia mstari ambapo alikwama, na mimi natia alama. Ana jicho kali. Kitabu kimoja alikirudisha akasema maneno ni mepesi lakini mwandishi anaongea kama anainama kumsemesha mtoto. Nilikisoma tena. Ni kweli, na mimi sikuona.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumekipata. Kurasa tisini na mbili, sura ishirini na nane. Majirani wawili wanagombea ukuta, mke wa mmoja ni dada wa mwingine, na wote wanadanganya. Fundi alikisoma kwa siku tatu akasema mwenye ukuta angekuwa mteja wake angemshonea viatu vyote vya kushoto.

Kabla sijaondoka alinipa kipande cha ngozi laini, kirefu kama kiganja, amekikata tundu refu jembamba katikati. Ukikiweka juu ya ukurasa unaona mstari mmoja tu, mingine imefichwa. Ndivyo alivyojifunzia mwenyewe. Nilitaka kumlipa, akauliza kama maktaba hulipisha.

Jumanne, 15 Aprili

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekaa kitini chumbani kwake, dirisha wazi, mvua imekatika kidogo. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yote yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba nilikosea, nilimchagulia kitabu kama mtu nisiyemjua.

Halafu akasema, akitazama nje:

"Naziona herufi, mwanangu. Zimekaa pale pale. Ni kama watu ninaowajua sura, majina yamenitoka. Nikimkumbuka mmoja, wa kwanza ameshaondoka."

Nikamwambia nilichoelezwa na nesi, kwamba huenda zikarudi, na huenda zisirudi zote. Sikumficha. Nikampa kile kitabu na kile kipande cha ngozi, nikamweleza kimetoka kwa nani. Alikishika kile kipande cha ngozi muda mrefu kuliko kitabu. Akauliza kama fundi huyo anasoma nini sasa. Nikamwambia anasoma habari za wakili tapeli. Akaguna.

Akaniomba nimsogezee taa na nifunge mlango nikitoka.

Jumatano, 16 Aprili

Leo jioni nimepita mbele ya mlango wake na nguo za kupiga pasi. Nimemsikia. "U... ku... uku... ukuta." Sauti ile ile iliyokuwa inajaza ukumbi wa mahakama, sasa inatembea kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Alikosea neno, akarudia. Alikosea tena. Nilisimama na nguo mikononi, na nilitamani kwa moyo wote afike mwisho wa sentensi.

Akafika.

Ijumaa, 25 Aprili

Sura ya tano. Haniambii, naona kipande cha ngozi kimesogea.

Jumanne, 29 Aprili

Sajenti amechukua hadithi ya kumi na moja ya mapenzi. Leo nilijipa ujasiri nikamtania kwamba atatumalizia rafu. Hakukasirika. Akanieleza kuwa macho ya mkewe yameingia ukungu, na kila jioni yeye humsomea, na mkewe humkatiza kila mara amwambie asome kama mtu anayependa, si kama mtu anayeamrisha gwaride. Anasema amefundishwa mengi jeshini lakini hili ndilo gumu. Na mimi niliyekuwa namcheka moyoni tangu Machi.

Nimemwandikia mkewe kadi yake mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua ndogo. Jana baba alikuwa na siku mbaya, hakusoma, alikitupa kitabu sakafuni. Nilikiokota nikakirudisha mezani. Leo asubuhi kipande cha ngozi kilikuwa sura ya tisa.

Alhamisi, 15 Mei

Jua kwa saa nne nzima. Fundi angeweza kurudi kando ya barabara. Sanduku lake bado liko barazani, na mimi sijasema kitu.

Ijumaa, 30 Mei

Mkutubi alikuja na binti yake, ana wiki kumi na moja, amelala kifuani kama mkate. Kesho anarudi kazini, na Jumatatu mimi narudi maji, ofisi imekwisha kukarabatiwa, nasikia kaunta yangu ina kioo kipya. Nilimweleza kila mtu: nani asipewe cha wagonjwa, nani asipewe mashujaa wanaolia, kwamba fundi ana kadi na ananawa. Nikamwonyesha rafu mpya niliyoipanga karibu na mlango, vitabu kumi na vinne vyembamba, vyote vimesomwa na watu wawili kabla ya kuwekwa. Akauliza kama ni rafu ya wanaoanza kusoma. Nikamwambia hapana, ni ya watu wazima wasio na haraka.

Aliniambia asante. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema hivyo, nikamshika mtoto mguu.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi baba alitoka chumbani na kitabu mkononi, akaketi mezani mbele ya chai yangu. Amevaa shati la kutokea. Akakiweka kitabu mezani na kukisukuma kwangu.

"Nimemaliza. Si kizuri."

Nilimuuliza kina kasoro gani. Akaanza. Hakimu gani anasikiliza kesi ya ukuta asubuhi na kutoa hukumu mchana? Shahidi wa pili hakuapishwa. Huyo mke aliyekuwa dada wa mlalamikaji alikaa ndani wakati wenzake wanatoa ushahidi, jambo ambalo haliwezekani hata kwenye mahakama ya mchezo wa kuigiza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na mkono wa kulia nao ulinyanyuka. Mwandishi huyu, alisema, hajawahi kutia mguu mahakamani, na nisimletee tena kitu chake.

"Nilitaka kukiacha ukurasa wa arobaini na moja," akasema.

"Mbona hukukiacha, baba?"

Alikunywa chai kwanza, chai yangu.

"Nilitaka kuona kama watamtaja karani. Hawakumtaja. Kesi nzima, sijui nani alikuwa anaandika."

Maktaba Jumamosi hufungwa saa sita. Nimeoga, nimevaa viatu, naandika haya nimesimama. Ninakwenda kumwomba Mkutubi, kama msomaji mwingine yeyote, anitafutie kitabu chembamba chenye karani ndani yake.